Fundi Ni Nani? Mjadala wa Kupanga Kazi za Teknolojia, Kutoka Ndera

Huko Ndera, pande za Garsen katika Kaunti ya Tana River, karibu kila anayekula kwa kutengeneza mitambo ana jina moja: fundi. Kinachofuata jina hilo ni kile anachokitengeneza. Kuna fundi wa simu, fundi wa sola, fundi wa pikipiki, na fundi wa zile mashine ndogo za petroli zinazovuta maji ya mto kuyapeleka mashambani. Mwenye shahada ya chuo kikuu anayefika na gari la kampuni kukagua mnara wa mawasiliano, ule ambao wengi huuita busta, naye huitwa fundi, na hakuna anayekusudia kumshusha hadhi. Mpango huu wa majina hauulizi mtu amesoma hadi wapi. Unauliza anatengeneza nini.

Lugha yenyewe imejengeka hivyo. Fundi ni jina la ukoo mmoja na kufunda na kufundisha: aliyefundwa akaiva, hata akaweza kuwafunda wengine. Mhandisi ni neno lililokuja na Kiarabu, na mzizi wake ni kupima. Mtaalamu pia ni wa Kiarabu, na asili yake ni mtu aliyejifunza. Kwa asili ya maneno, basi, mtaalamu na fundi hawako mbali. Umbali uliopo leo umewekwa na ofisi, na ofisi ni nyingi: ya takwimu, za usajili, za mitihani, za ajira. Kila moja ina ngazi yake, na nchini Kenya ngazi hizo huandikwa kwa Kiingereza hata pale wanaozipanda huzungumza Kipokomo, Kiorma na Kiswahili kutwa nzima.

Mjadala ulio hapa umepangwa kwa sauti nne zinazosikika kila suala hili linapozuka: mtakwimu, msajili, fundi, na mama mkulima anayemlipa fundi. Hawa si watu mahususi. Ni misimamo iliyopewa midomo.

Mtakwimu hutangulia kwa sababu daftari lake ndilo pana kuliko yote. Ni Uainishaji wa Kimataifa wa Kazi wa Shirika la Kazi Duniani, na toleo lake la 2008 lina makundi makuu 10 yanayogawanyika na kugawanyika tena hadi kufikia makundi madogo 436, kila moja na namba yake ya tarakimu nne. Humo wataalamu wa kompyuta na mawasiliano wana kundi lao, namba 25: waandishi wa programu, wachanganuzi wa mifumo, wasimamizi wa hifadhidata na mitandao. Chini yao liko kundi la 35, la mafundi sanifu wanaoendesha mifumo hiyo na kuwasaidia watumiaji. Fundi wa kurekebisha simu na kompyuta yuko mbali zaidi, namba 7422, katika kundi kuu lile lile la waashi, washonaji nguo na waokaji mikate.

Mpangilio huo haukushuka kutoka mbinguni. Katika toleo la 1968 mchanganuzi wa mifumo ya kompyuta alihesabiwa pamoja na watakwimu na wanahisabati, na aliyeendesha mashine yenyewe akawekwa na makarani, kwa kuwa kompyuta ya wakati ule ilionekana kama kikokotoo kikubwa cha ofisi. Toleo la 1988 likawapa watu wa kompyuta vikundi vyao viwili, cha wataalamu na cha mafundi sanifu. Ilichukua miaka 20 mingine kuwapa nyumba nzima. Kila toleo ni picha ya jinsi mitambo ilivyoonekana siku ile ilipopigwa, na kwa kawaida mitambo husonga kabla picha haijakauka.

"Bwana fundi," mtakwimu hujitetea, "sisi hatupangi watu. Tunapanga kazi." Anachosema ni kweli, tena ni jambo ambalo wengi hawalijui. Orodha ya 2008 haimuulizi mtu cheti chake kwanza. Huuliza anafanya nini, na kazi hiyo inadai ujuzi wa kiwango gani kati ya viwango vinne. Cheti ni dalili moja tu ya kiwango hicho, pamoja na mafunzo ya kazini na uzoefu. Aliyefundwa kwenye benchi la mjomba wake na aliyetoka chuoni huingia kisanduku kimoja wakifanya kazi moja.

"Basi nionyeshe mimi niko kisanduku gani," fundi anamjibu, na hapo ndipo shughuli inapoanza. Asubuhi anabadilisha vioo vya simu na kulehemu sehemu za chaji zilizolegea. Hiyo ni 7422, haina ubishi. Mchana anaweka upya programu kwenye simu iliyokwama, na kumfundisha mwenyewe namna ya kurudisha majina yaliyopotea. Kazi hiyo inakaribia ile ya fundi sanifu wa kuwahudumia watumiaji, kundi la 35. Alasiri yuko juu ya paa Ndera akifunga paneli ya sola, ambako anaingia kwa mafundi umeme. Na kibandani, kutoka asubuhi hadi jioni, kuna dirisha la M-Pesa. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, orodha ikaidhinishwa mwaka uliofuata, na wakala wa pesa za simu hakupata chumba chake humo. Jirani yake wa karibu zaidi ni karani wa dirisha la benki.

Mtakwimu ana kanuni ya kesi kama hizi. Kazi moja ikichanganya shughuli za viwango tofauti, ile inayodai ujuzi wa juu zaidi ndiyo inayoamua. Kanuni ni nzuri kwenye karatasi. Kwa fundi wa Garsen ina maana kwamba nusu saa ya programu inaweza kuzidi uzito siku nzima ya nyaya na risasi, na kwamba kibanda kile kile chaweza kuhamia kundi jingine kwa sababu ya simu moja iliyokwama. Tena kanuni hiyo humhitaji karani mwenye muda wa kuuliza. Sensa ya 2019, ya kwanza nchini Kenya kufanywa kwa vishikwambi, iliwahesabu watu 315,943 katika Tana River. Karani anayekwenda nyumba kwa nyumba kaunti nzima akiambiwa "mimi ni fundi" ana jibu ambalo kwa Kiswahili limekamilika na kwa daftari halijaanza. (Sensa hiyo yenyewe iliwagawa watumishi wake: waliohesabu watu, wasimamizi wa maswali, na wasimamizi wa teknolojia. Mwenye kupanga naye alipangwa.)

Msajili hana subira na hesabu hizi. Kwake swali si mtu anafanya nini bali ana ruhusa ya kufanya nini. Sheria ya Wahandisi ya 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na kwa sheria hiyo asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita mhandisi. Mwenye shahada huanza kama mhandisi mhitimu. Akipata uzoefu chini ya usimamizi na kupita tathmini, ndipo anapokuwa mhandisi kamili. Mwaka 2016 ilikuja Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi, iliyounda bodi nyingine kwa ajili ya wale wa katikati, yaani wanateknolojia na mafundi sanifu. Mgawanyo huu unafuata desturi ya dunia ya uhandisi, ambayo ina mikataba mitatu ya kutambuana: wa Washington wa 1989 kwa wahandisi, wa Sydney wa 2001 kwa wanateknolojia, na wa Dublin wa 2002 kwa mafundi sanifu. Mhandisi hutatua tatizo ambalo halijapata mfano. Mwanateknolojia hutumia njia zinazojulikana kwa matatizo mapana. Fundi sanifu hutumia njia zilizokwisha wekwa kwa tatizo lililokwisha elezwa. Hivyo ndivyo nadharia inavyosema.

"Na mimi niko kwa yupi kati ya hao watatu?" fundi anauliza.

Hayupo. Mikataba yote mitatu inasimama juu yake. Aliye chini ya fundi sanifu, yule ambaye Tanzania humwita fundi mchundo, ana njia yake nyingine kabisa, na nchini Kenya njia hiyo ni mtihani wa ufundi wa serikali: gredi ya tatu, ya pili, ya kwanza. Leo mtihani huo uko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, na fadhila yake ni kwamba unapima mikono. Mtu anaweza kuufanya bila kupita chuo chochote. Mfumo wa Taifa wa Sifa za Elimu, uliotokana na sheria ya 2014, umejaribu kuziweka ngazi zote kwenye ukuta mmoja wenye viwango 10, ambapo stashahada iko kiwango cha 6, shahada ya kwanza cha 7 na uzamivu cha 10. Kwa mara ya kwanza fundi wa mkono na profesa wanaweza kuonyeshana vidole kwenye chati moja, ingawa ngazi ya kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni ndefu.

Katika hili, Tanzania imefanya jambo ambalo Kenya haijafanya. Fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi ni vyeo vinavyosomeka katika matangazo ya kazi ya serikali, na msomaji wa kawaida anajua kipi kiko juu ya kipi. Mtu wa kompyuta katika utumishi wa umma ni Afisa TEHAMA, na daraja lake hufuata. Ngazi ni ile ile ya ulimwengu mzima, lakini imepandwa kwa Kiswahili. Ng'ambo ya mpaka, kijana wa Tana River aliyefaulu gredi hurudi nyumbani na cheti chenye jina la Kiingereza lisilotamkwa kijijini, na anabaki kuitwa kile alichoitwa kabla hajaondoka. Kuna anayeona hilo ni pengo la lugha. Huenda pia ni ukaidi wa lugha, kwa maana neno fundi limekataa kugawanywa.

Msajili anapofika kwenye sola, hoja yake hupata nguvu zaidi. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 kuhusu umeme wa jua ziliweka madaraja ya leseni ya mafundi: T1 kwa mifumo midogo kabisa, T2 kwa ya kati, na T3 kwa mikubwa, pamoja na ile inayounganishwa na gridi ya taifa. Huu ni upangaji wa aina nyingine. Haupimi heshima ya mtu. Unapima ukubwa wa madhara anayoweza kuleta. Paneli ya taa mbili ikifungwa vibaya, nyumba hulala giza. Mfumo wa zahanati ukifungwa vibaya, jokofu la chanjo huzima usiku na hakuna anayejua hadi asubuhi, au waya hushika moto. Tana River ni mojawapo ya kaunti 14 zilizowekwa katika mradi wa KOSAP wa kufikisha umeme wa jua kwenye maeneo yasiyo na gridi, kwa hiyo suala la nani apande paa gani si la nadharia.

"Mwanangu," mama mkulima anaingilia, akimwambia fundi lakini akimkusudia msajili, "mto ukijaa, huyo wa T3 atapitia wapi?"

Swali lake linatosha kuusimamisha mjadala kwa muda. Mashamba ya Ndera yanategemea mto: migomba, miembe, mahindi, mpunga. Maji ya Tana yakipungua, mashine ya kuvuta maji ndiyo roho ya shamba. Yakifurika, mashine huhamishwa mbio hadi mahali pa juu, na mara nyingi hupandishwa ikiwa imekwisha lowa. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliuvunja hata ukingo wa mradi mkubwa wa mpunga wa Delta ya Tana, mradi uliokuwa na wahandisi wa kila daraja. Mwishoni mwa 2023, na tena msimu wa mvua wa 2024, maji yaliikata barabara ya kutoka Garissa. Wakati kama huo mtu mwenye leseni kubwa yuko Mombasa au Nairobi, na yule mwenye bisibisi yuko hapa. Mama huyu ana upangaji wake na hauna namba: kuna fundi anayerudi na kuna fundi asiyerudi. Aliyefunga mashine, ikaharibika, akaitwa akaja, yuko kundi la kwanza hata kama hajui kuandika jina lake. Aliyekuja mara moja na gari lenye nembo, akapiga picha, akaondoka, yuko la pili, na shahada yake haimtoi humo.

Ni upangaji wa dhamana. Una busara kuliko unavyoonekana, kwa sababu unapima kitu ambacho orodha ya Shirika la Kazi haikipimi na leseni hukigusa kwa mbali: nani anabaki na mtambo baada ya kufungwa. Udhaifu wake ni kwamba hufanya kazi pale tu makosa yanapoonekana. Mashine isiyovuta maji hujitangaza yenyewe. Betri iliyopangwa vibaya hufa baada ya mwaka, na lawama huangukia betri. Fundi anayerudi kila mara anaweza kuwa anarudi kwa sababu hakuitengeneza vizuri mara ya kwanza, na mteja humshukuru kwa wepesi wake wa kuitika. Msajili analijua hilo, na fundi pia analijua, ingawa halisemi mbele ya mteja.

Kwenye programu za kompyuta, msajili hana mahali pa kusimama. Kenya imejaribu zaidi ya mara moja kuwasajili watu wa TEHAMA kama inavyowasajili wahandisi. Mswada wa 2016 ulipingwa vikali na wenye kampuni changa na waandishi wa programu waliojifunza wenyewe, kwani masharti yake yaliegemea shahada na miaka ya uzoefu. Wazo likarudi, Bunge likapitisha mswada wa aina hiyo mwaka 2022, na Rais Uhuru Kenyatta hakuutia sahihi. Msajili huuliza kwa nini anayefunga balbu adaiwe leseni na anayeandika programu ya kuhifadhi siri za wagonjwa asidaiwe chochote. Fundi, kwa mara moja, yuko upande wa walioupinga: kama kikao cha Nairobi kingeamua ni nani mwanateknolojia, kibanda cha Garsen kingekuwa cha kwanza kufungwa. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa, na hoja ya msajili haijapata jibu zuri mpaka leo. Kwingineko jina lenyewe ndilo lililozua ugomvi. Katika jimbo la Alberta, Kanada, chama cha wahandisi kilikwenda mahakamani kuzuia waandishi wa programu wasijiite wahandisi wa programu, kikashindwa Novemba 2023, na serikali ya jimbo ikabadilisha sheria kuwaruhusu.

Kundi la mwisho halina kibanda wala bisibisi. Tangu 2016 serikali ya Kenya, kupitia mpango wa Ajira Digital, imewahimiza vijana kufanya kazi za mtandaoni, na mpango wa vituo vya kidijitali umelenga kufika kila wadi kati ya wadi 1,450 za nchi, ambapo 15 ni za Tana River. Kazi zenyewe ni kunakili sauti, kupanga takwimu, kuchora mistari kuzunguka magari na watu kwenye picha ili mashine zijifunze kuona. Katika orodha ya 2008 mtu huyu husukumwa kwa makarani wa kuingiza takwimu, namba 4132, karibu na wapiga chapa. Kampuni zinazonufaika na kazi yake huzungumza kuhusu akili bandia. Anayeifundisha akili hiyo anaandikwa karani. Neno kufunda lingemfaa zaidi.

Jina la mtu huyu lina uzito wa kisheria. Wachujaji wa maudhui ya Facebook waliofanya kazi Nairobi chini ya kampuni ya kati walipoishtaki Meta mwaka 2023, Meta ilijitetea kwamba haikuwa mwajiri wao na kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya. Mahakama ya Ajira ilikataa kuiondoa kwenye kesi, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikashikilia kwamba kesi inaweza kusikilizwa nchini. Swali la mama mkulima limeulizwa hapo kwa lugha ya mawakili: kazi ikiharibika, au ikimharibu anayeifanya, nani anaitwa arudi?

Fundi wa Garsen ameusikiliza mjadala wote huku akifungua simu. Akitaka karatasi, njia iliyo wazi kwake ni mtihani wa gredi, na fani inayomfaa kwa ajili ya sola ni ya nyaya za umeme. Akifaulu gredi ya tatu, cheti chake kitataja nyaya. Simu, mashine za maji na dirisha la M-Pesa, vinavyomlisha siku nyingi zaidi, havitaandikwa popote.